Waakiolojia waitwe kabla ya greda

Mhariri,

Barabara ikikwama kwa sababu ya mabaki ya kale, lawama huwaangukia waakiolojia. Si haki. Mara nyingi wao huitwa wakati greda limeshakwangua udongo, na vigae vya vyungu, majivu ya meko na mashimo ya nguzo za nyumba za kale yameshavurugika. Kigae kilichong'olewa kwenye tabaka lake la udongo hakitusaidii tena vya kutosha kujua umri wa mahali. Wachunguze kabla ramani haijapitishwa, wakati kupindisha njia bado ni kazi ya kalamu tu.

Thessaloniki, Ugiriki, reli ya chini ya ardhi ilichelewa miaka mingi (na ubishi haukukosekana!), lakini tangu 2024 abiria wa kituo cha Venizelos wanaiona barabara ya marumaru iliyofukuliwa humo, ya enzi za Bizanti (Dola la Roma ya Mashariki). Gharama za uchunguzi ziingizwe tangu kwenye zabuni.

Msomaji wako