Barua kwa Mwanangu: Katapila na Skida Ninazokuachia

Mafinga, Mufindi

Mwanangu mpendwa,

Nimefurahi sana kusikia kwamba uko tayari kurudi nyumbani kuzisimamia mashine zetu. Umeniuliza kama si bora tuiuze katapila D6D na ile skida ya Timberjack 240, mashine yetu ya kuvuta magogo, kisha tukope benki tununue mpya. Mimi nasema tusiuze. Kazi ya miti ya misindano hapa kwenye shamba la miti la Sao Hill hufuata vibali vya kuvuna, na mvua zikikolea barabara za msituni hazipitiki, lakini rejesho la benki halisubiri kibali wala jua. Mashine iliyokwisha kulipiwa inaweza kusimama bila mtu kuja kutugongea mlango.

Hata hivyo, umri wake unataka uangalizi. Pesa nyingi za katapila huishia chini, kwenye minyororo, rola na sproketi (yale magurudumu ya meno yanayoizungusha minyororo), wala si kwenye injini kama wengi wanavyodhani. Bushi za mnyororo, vile vibomba vinavyozivika pini zake, huliwa upande mmoja, ule unaokutana na meno ya sproketi. Ukiwahi kuzigeuza nusu mzunguko pamoja na pini zake kabla hazijalika kupita kiasi, mnyororo uleule utakufanyia kazi kwa kipindi kingine kirefu, na ukichelewa utanunua mnyororo mzima na sproketi juu yake. Tena udongo wetu mwekundu ukilowa hujishindilia katikati ya meno na kuukaza mnyororo, kwa hiyo pima ulegevu wake mashine ikiwa na matope yake ya kazini, ukifuata kipimo cha kitabu. Grisi ndiyo inayousukuma mnyororo ukaze, kwa hiyo unapoulegeza, fungua valvu ya grisi polepole, mzunguko mmoja tu, nawe ukae pembeni. Grisi ile ina mgandamizo wa kupenya ngozi, na aliyepigwa nayo apelekwe hospitali saa hiyohiyo, hata kama kidonda kinaonekana kama tundu la sindano.

Kampuni ya Timberjack ilinunuliwa na John Deere mwaka 2000, lakini injini ya skida yetu ni Cummins, na spea zake zinapatikana. Mimi nakihofia zaidi kiungio cha katikati, mahali mashine inapojikunja kukata kona, kwa sababu pini ikianza kucheza huipanua nyumba yake, yaani tundu inamokaa, na hapo grisi haisaidii tena. Asiingie mtu kati ya fremu ya mbele na ya nyuma kabla chuma cha kuzifunga hakijawekwa. Kila jioni mtoe majani makavu ya misindano yaliyojazana chini ya injini karibu na ekzosi, kisha mkate umeme wa betri. Skida nyingi huungua zikiwa zimeegeshwa, baada ya watu kwenda kula.

Ukipita Dar es Salaam, ninunulie sili za jeki za usukani, zile mpira za kuzuia mafuta yasivuje. Namba zake nitakutumia kwa simu. Fundi ataifungua skida wiki ijayo, na ningependa uwepo anapoipima pini ya chini ya kile kiungio cha katikati.

Baba yako.