Asante, fundi wa Tanga
Kaka fundi uliyekataa kutaja jina, asante. Cherehani ya bibi, Singer ya kukanyaga kwa miguu, ilikuwa imegoma kuzunguka, nasi tulitaka kuipakia kwenye basi la Mwanza ikiwa kwenye meza yake. Ukakataa: kichwa kizito, yaani mashine yenyewe, kikirushwarushwa njiani hung'oa bawaba na kupasua mbao. Ukadondoshea mafuta ya taa kila tundu la mafuta, ukaiacha usiku kucha, kisha ukazungusha gurudumu kwa mkono, polepole, mpaka uchafu ukatoka mweusi kama lami. Ndipo ukatia mafuta ya cherehani. Ukavua mkanda, ukalegeza skrubu mbili za bawaba, ukakiinua kichwa, ukakifunga blanketi na kukibana kwa vipande vya godoro ndani ya boksi la mbao. Sindano ukaitia kwenye kopo. Hela ulikataa pia! Imefika nzima. Wenye cherehani kuukuu, msisafirishe kichwa kikiwa mezani.