Mheshimiwa Mkurugenzi, litafute faili la baba yangu

Assalaam aleikum.

Mheshimiwa, nakuandikia hadharani kwa sababu barua tatu za kudai pencheni ya kazi ya baba, aliyekuwa tarishi wa posta, nilizozileta ofisini kwenu kwa mkono, zote zikagongwa muhuri wa kupokelewa, hazikujibiwa.

Jumatatu iliyopita baba aliondoka Konde alfajiri kwa gari ya mwanzo kwenda Chake Chake. Ana miaka 74 na goti la kulia halikunji. Alikaa barazani kwenu tangu saa mbili mpaka adhuhuri ikaadhiniwa, ndipo kijana wa dirishani akamwambia, bila ya kunyanyua uso: "Mzee, jina lako halimo kwenye kompyuta." Baba akatoa daftari lake. Kijana akalisukuma nyuma kwa ncha za vidole. "Hili halitambuliwi."

Daftari hilo ni la saini za watu waliopokea barua za rejista na vifurushi. Kurasa zimeshikana kwa mvua za masika. Asiyejua kuandika alitia dole gumba, na baba akaandika jina chini yake kwa penseli. Kuna dole moja la kahawia, la mama mmoja aliyeitwa akiwa anachambua karafuu. Rangi ingalipo mpaka leo.

Kazi hii aliirithi kwa babu, aliyekuwa akitoka Konde kwa miguu, mkoba begani, akaupita msitu wa Ngezi mpaka Makangale. Stempu yake moja tunayo nyumbani: sura ya Sultani, na juu yake pamepigwa chapa JAMHURI 1964. Stempu za Zanzibar zilipoondolewa 1968 zikaja za Afrika Mashariki, na baba akaajiriwa 1974, yeye kwa baiskeli. Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyokuwa ikiendesha posta, ikavunjika 1977. Kesho yake barua zilikuwepo na yeye alizipeleka. Nadhani faili lake lilipotea hapo, au baadaye ofisi zilipobadilishwa majina na majengo. Lakini si baba aliyelihamisha.

Wanaume wa Tumbe wakiwa dago, kambi ya uvuvi ya mbali, wake zao walimngojea njiani. Asiyejua kusoma, baba alimsomea, na jawabu akamwandikia palepale, karatasi juu ya tandiko la baiskeli. Barua nyengine aliziacha kwa sheha au skuli. Siri za nyumba ngapi zimo kifuani mwake! Hajatoa hata moja, hata kwa mama.

Alipofika miaka 70 akaanza kupata Pencheni Jamii, na tunashukuru. Ile ni haki ya kila mzee wa Zanzibar. Ninayoidai mimi ni pencheni ya jasho lake. Dawa zake za presha nanunua kwa vitumbua ninavyouza, na mwezi huu nimenunua nusu. Nauli ya Jumatatu nilikopa.

Mheshimiwa, ulisimama mbele ya wastaafu ukasema madai yatajibiwa kwa siku tisini. Nilikuwepo, nimekaa nyuma ya baba, nikaona alivyozihesabu kwa vidole. Siku tisini zimepita mara tatu. Tangu arudi Jumatatu hasemi. Ameutundika mkoba nyuma ya mlango na hataki uguswe.

Siombi upendeleo. Litafuteni faili. Likikosekana, mpokeeni na daftari lake, muwaulize watu wa Tumbe na Makangale nani aliwapelekea barua. Wako hai wengi. Litafuteni faili, Mheshimiwa.

Daftari ninalo mimi sasa, nimelifunga kwa kanga. Niambie siku, nitalileta mwenyewe.

Binti wa tarishi,
Konde, Pemba