Si kila nyuki asiyerudi amehama

Ndugu Mhariri,

Huku Sengerema nyuki wakipungua mzingani, neno la kwanza ni "wamehama". Hata mimi nimelisema miaka mingi, kisha napaka nta mpya na kusubiri kundi jingine. Kweli nyuki wetu ni wahamaji. Jua likizidi au siafu wakivamia, wanaondoka. Lakini wakihama huondoka na malkia wao. Juzi nimefungua mzinga: malkia yupo, mabuu wapo, asali ipo, nyuki wakubwa wa kuhesabika. Chini ya mwembe, kwenye nyasi, nyuki wachanga walikuwa wakitambaa, mabawa yamekunjamana kama karatasi iliyolowa ikakauka. Mmoja nilimweka kiganjani. Alijaribu kuruka mara tatu, akaishia kwenye kidole gumba.

Hiyo ni dalili ya kirusi cha kulemaza mabawa, kinachoenezwa na varoa, utitiri wa kahawia mdogo kama kichwa cha pini, unaozaliana kwenye vyumba vya mabuu vilivyofunikwa. Tusichokijua wengi ni kwamba nyuki anaweza kuwa nacho na mabawa yake ni mazima kabisa. Kimekutwa hadi kwenye sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu. Nyuki huyo hujifunza kwa shida, na maabara zimeonyesha kwamba haruki mbali wala muda mrefu kama mwenzake mzima. Sasa nyuki kibarua anayefuata mbochi, yaani maji matamu ya maua, hurudi nyumbani kwa kusoma jua na alama alizozikariri. Kwetu ni majabali, miti na ukingo wa ziwa. Kichwa kikivurugika, atarudije?

Kuna kirusi kingine, cha kupoozesha. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walieleza kwamba mgonjwa wake akibisha hodi kwenye mzinga wa jirani, walinzi humruhusu kirahisi kuliko nyuki mgeni aliye mzima, maana harufu ya mwili wake imebadilika. Nasi tunaning'iniza mizinga sita kwenye mti mmoja! (Kwa kuogopa wezi, nakiri.)

Semina ya mwisho niliyohudhuria tulifundishwa vifungashio kutwa nzima. Naomba maafisa nyuki watufundishe kupima varoa. Hata vifaa havina gharama: chupa ya mdomo mpana yenye kifuniko cha wavu, nusu kikombe cha nyuki, yaani kama 300, malkia asiwemo, na sukari laini ya unga. Unatikisa juu ya sahani nyeupe, unahesabu utitiri ulioanguka, nyuki unawarudisha wakiwa hai.

Na wenzangu wanaonyunyizia mizinga dawa ya kupe wa ng'ombe, waache. Kirusi hakina dawa, na sumu hiyo hunata kwenye nta.

Mizinga yangu nimeshaitawanya, mmoja mmoja kila mti. Jirani anacheka kwamba nimewapangishia nyuki vyumba vya kujitegemea.

Mfugaji nyuki,
Sengerema, Mwanza