Ziara za wanafunzi zianzie mwaloni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie ziara za mafunzo katika shule za Mwanza, jambo nililolishughulikia kwa miaka mingi nikiwa mwalimu wa shule ya msingi, na ambalo sasa nalitazama nikiwa bibi mwenye wajukuu madarasani.

Mwaka jana shule anayosoma mjukuu wangu ilipanga safari ya mbugani. Mchango ulikuwa mkubwa, na watoto ambao wazazi wao hawakuumudu walibaki wakinakili mazoezi ubaoni. Mjukuu wangu alikwenda. Mwenzake wa dawati moja alibaki. Waliokwenda walirudi na picha, lakini hakuna somo lililofuata, wala hawakuulizwa walichokiona. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Hakuna haja ya kwenda mbali kiasi hicho. Mwalo wa Kirumba, ambako mitumbwi ya wavuvi wa Ziwa Victoria hushusha samaki, unafikika kwa daladala, na kwa baadhi ya shule hata kwa miguu. Mwanafunzi akiuliza kwa nini dagaa huadimika mbalamwezi inapokuwa kamili, mvuvi atamweleza kwamba huvuliwa usiku kwa taa, na kwamba mwezi ukiangaza ziwa zima hawakusanyiki tena kwenye mwanga wa mtumbwi. Akiuliza kwa nini dagaa walionyeshewa na mvua wakiwa wameanikwa huishia kuwa chakula cha kuku, mama anayewaanua atampa hesabu ya hasara ambayo hataisahau. Akiuliza habari za furu, samaki wadogo waliokuwa wengi enzi za babu yake, atasikia juu ya sangara aliyewala, ambaye hakuwamo katika ziwa hili mpaka alipopandikizwa katikati ya karne ya 20.

Maswali hayo huandaliwa darasani kabla ya safari, kila kundi likipewa lake. Nilipokuwa nikifundisha, makundi ya wanafunzi kumi yalinishinda, kwa kuwa wawili walifanya kazi na wanane waliandika majina yao tu. Nilipopunguza hadi wanne, na kumtaka kila mmoja aweze kueleza mbele ya darasa sehemu iliyofanywa na mwenzake, hata wale wakimya walianza kubishana, na sikuwazuia.

Jambo jingine ni waandishi. Watoto wetu wengi hudhani vitabu hutoka mbali, ilhali Aniceti Kitereza aliandika riwaya yake kwa Kikerewe huko huko kisiwani Ukerewe, akaikamilisha mwaka 1945, na ikachapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980. Miaka 35 ya kusubiri! Waandishi walio hai waalikwe shuleni, walipwe nauli, na wanafunzi wawe wamesoma walau sura moja ya kazi zao kabla hawajafika, kwani mwandishi anayezungumza na watoto wasiojua alichoandika huwa mgeni rasmi tu.

Nawaomba maofisa elimu wa Nyamagana na Ilemela wasitoe kibali kwa ziara yoyote inayomwacha mwanafunzi nyuma kwa sababu ya mchango, na kila ombi la kibali liambatane na maswali ambayo wanafunzi watakwenda kuyatafutia majibu. Kwa upande wangu, niko tayari kufuatana na darasa lolote litakalokwenda Kirumba, asubuhi na mapema, mitumbwi inaporudi.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Ilemela, Mwanza