Mwanangu amegeuza mapishi yangu kuwa tusi

Anti, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Morogoro. Binti yangu yuko darasa la sita na mdogo wake wa kiume darasa la tatu. Mimi ni Mluguru, baba yao mtu wa Bukoba. Naomba unisaidie katika jambo lililoanzia jikoni kwangu na sasa limefika shuleni na kwa jirani.

Mwaka jana binti alirudi na karatasi ya mtihani, ameandika kwamba Kigoma iko pwani ya Bahari ya Hindi. Nilipomuuliza akanijibu, "Mama, si kuna bandari na samaki?" Mikoa yote 31 alikuwa anaitaja kama wimbo, ila hakujua hata mmoja umekaaje wala watu wake wanaishije. Kuwatembeza nchi nzima siwezi kwa kipato changu. Nikawaza, chakula cha Jumamosi usiku lazima nipike, basi kila Jumamosi nipike cha mkoa mmoja.

Nikanunua ramani kubwa, nikaitundika ukutani. Tulianza na Kigoma. Nilipata migebuka wa kukausha sokoni, nikawaunga kwa mawese, nikasonga ugali wa muhogo. Kabla ya kunawa, watoto waliifuata Reli ya Kati kwa kidole kutoka hapa kwetu, wakapita Dodoma, wakapita Tabora, hadi inapoishia ziwani. Nikawaambia Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470. Wiki iliyofuata tukala sato na michembe ya Usukumani, wakashangaa kusikia kwamba Ziwa Victoria, pamoja na ukubwa wake wote, lina kina cha kama mita 80 tu. Kila tukimaliza mkoa tulibandika kitu kwenye ramani kwa gundi: punje ya mchele pale Kyela, kipande cha ganda la ndizi lililokauka pale Kagera. Anti, zile Jumamosi zilikuwa nzuri. Binti alianza kuuliza maswali ambayo sikuyatarajia, kama vile kwa nini minazi haipo Iringa na chai ipo. Hata baba yao alikuwa anawahi kurudi nyumbani.

Tukafika Dodoma. Nilisonga ugali wa mtama, nikapika mlenda mkavu kwa karanga. Nilitaka waelewe habari ya mvua, kwa hiyo nikawasimamisha ukutani na chaki. Nikawaambia, chukueni mvua yote ya mwaka mzima, isinywewe na ardhi wala isikauke, muone ingefika wapi. Bukoba ni karibu milimita 2,000, nikachora mstari mrefu kuliko baba yao. Dodoma ni kama 570, mstari ukamfika kijana wangu mapajani. Nikasema, "Ndiyo maana kule hamna migomba, watu wanalima mtama na uwele." Niliridhika sana na somo lile. Wote wawili walilielewa mara moja.

Baada ya siku tatu mwalimu akaniita. Mwanangu alikuwa amemwambia binti mmoja darasani, ambaye wazazi wake ni Wagogo, kwamba kwao Bukoba mvua inampita baba urefu, kwao yule binti inaishia mapajani, ndiyo maana wanakula mlenda, wana njaa. Wenzake wakadakia. Yule mtoto alilia, na kesho yake hakwenda shule.

Mama yake ni fundi cherehani mtaani kwetu, ndiye anayenishonea sare za watoto. Nilikwenda kuomba radhi siku ileile. Hakupandisha sauti. Aliniuliza tu, "Mama, mtoto wako haya ameyatoa wapi?" Sikuwa na jibu la kumpa, kwa sababu nilijua ameyatoa kwangu, na vipimo vyote.

Mume wangu anasema nakuza mambo, huo ni utani wa makabila, sote tumekua nao. Mimi sikubali. Utani una watu wake na una adabu yake, wanataniana wanaojuana na kuzikana. Mtoto wa miaka tisa anayemwambia mwenzake "kwenu kuna njaa" mbele ya darasa zima hatanii. Mume anaongeza kwamba niache mapishi, watoto wakariri mikoa kama sisi tulivyokariri. Hapo ndipo ninapokwama, maana kukariri ndiko kulikompeleka binti kuiweka Kigoma baharini.

Nimekaa nikajichunguza. Kila mkoa niliwaeleza kuna nini. Dodoma peke yake niliwaeleza hakuna nini. Sikuwaambia kwamba mtama unavumilia pale ambapo mahindi yanaungua, wala kwamba kuanika mlenda juani ni ujuzi wa watu waliopanga mboga ya kiangazi tangu masika. Zabibu za Dodoma, ambazo mwanangu anazililia kila basi likisimama, sikuzitaja kabisa. Na upande wa baba yake nilisema mvua tu. Sikusema kwamba mnyauko uliingia kwenye migomba ya babu yake, wakaing'oa na kuifukia, na mwaka ule mzee alikula muhogo kama watu wengine.

Kijana nimemkanya, akamwomba mwenzake msamaha, lakini naona aliomba kwa kuogopa fimbo. Hajaelewa kosa. Kwake yeye alisema ukweli aliofundishwa na mama yake, na mistari ya chaki bado ipo ukutani.

Anti, nataka kurudia Dodoma kabla ya kwenda mkoa mwingine. Nimefikiria kumwomba yule mama fundi aje na binti yake, atupikie mlenda kama unavyopikwa kwao na awaeleze wanangu mwenyewe. Kisha naogopa. Isije ikawa namgeuza mgeni wangu kuwa somo, mtoto wake akae tena mbele ya mwanangu akieleza chakula cha kwao. Labda niwaalike kula tu, nipike pilau kama ninavyompikia mgeni yeyote, ramani niikunje siku hiyo? Au nimwachie kwanza nafasi, kwa kuwa tangu siku ile ananisalimia kwa mbali?

Na kijana nimwelezeje kwamba mstari wa chaki ni sahihi, ila alichokisema si sahihi? Nimejaribu mara mbili na maneno yamenipotea.

Binti ameshaweka korosho kwenye kopo kwa ajili ya Mtwara. Kila Jumamosi ananiuliza.

Mama wa Wawili,
Morogoro