Kupokelewa si kubatizwa upya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie neno ambalo wasomaji wenzangu hulitumia kila wanapoandika juu ya Waprotestanti wanaoingia Kanisa Katoliki. Neno lenyewe ni "kuongoka". Mimi ni mmoja wa watu hao. Nilibatizwa na kulelewa katika usharika wa Kilutheri mkoani Kilimanjaro, nikafundisha shule za msingi kwa zaidi ya miaka thelathini, na baada ya kustaafu, nikiwa nimesoma na kusali kwa muda mrefu, nikapokelewa katika Kanisa Katoliki usiku wa Mkesha wa Pasaka. Usiku ule sikuongoka. Anayeongoka ni yule ambaye hakuwa na Kristo akampata, nami nilikuwa naye tangu siku nilizoketi kando ya mafiga, mama akinikaririsha Amri Kumi huku akimenya ndizi.

Kosa hili si la waandishi peke yao. Katekista niliyemwendea mara ya kwanza aliniorodhesha pamoja na wakatekumeni ambao hawajawahi kubatizwa, akanieleza kwamba nitabatizwa pamoja nao. Nilirudi nyumbani nimenyong'onyea. Wiki iliyofuata nilimpelekea paroko cheti changu cha ubatizo, karatasi iliyogeuka rangi ya jani kavu la mgomba, yenye mwaka 1961 na sahihi ya mchungaji kwa wino uliofifia. Alikisoma kimya mpaka mwisho, akakikunja kwa kufuata mikunjo yake ya zamani, akanirudishia kwa mikono miwili. "Mwalimu," akasema, "huu ni ubatizo. Hatuurudii."

Paroko hakuwa ananionea huruma. Alikuwa anashika msimamo ambao Kanisa lake liliupigania zamani sana, na ulipiganiwa hapa hapa barani Afrika. Mwaka 256 Sipriani, askofu wa Karthago, katika nchi ambayo leo ni Tunisia, aliwakusanya maaskofu wenzake, nao wakakubaliana kwamba aliyebatizwa na wazushi abatizwe akija kwao, kwa kuwa nje ya Kanisa hakuna Roho na pasipo Roho hakuna ubatizo. Stefano, askofu wa Roma, alikataa: mtu wa namna hiyo awekewe mikono, basi. Zaidi ya miaka mia moja baadaye Agostino wa Hippo, akibishana na Wadonati, Wakristo wa Afrika Kaskazini waliojitenga na Kanisa na waliokuwa wakiwabatiza upya Wakatoliki, alifundisha kwamba ubatizo ni mali ya Kristo hata kama mhudumu wake ni mtu aliyejitenga. Msimamo huo ndio uliodumu. Kwa hiyo Mkatoliki anayetaka kumrudisha Mlutheri kisimani, hali amekwisha kubatizwa kwa maji na kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, hatetei Ukatoliki hata kidogo. Na kila Dominika anaungama kwa kinywa chake "ubatizo mmoja kwa maondoleo ya dhambi".

Dada yangu mkubwa, ambaye ni mzee wa kanisa katika usharika ule ule ulionilea, hakuniuliza habari za Papa wala za Bikira Maria kama nilivyotarajia. Aliniuliza: "Kwa hiyo, mdogo wangu, mama tulimzika akiwa nje ya Kanisa?" Swali hilo lilininyima usingizi, na naamini ndilo linaloziumiza familia nyingi, ingawa wengi huona haya kulitamka. Nilimjibu kwa maneno ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliotamka mwaka 1964 kwamba wanaomwamini Kristo na kubatizwa ipasavyo wamo katika ushirika na Kanisa Katoliki, ijapokuwa ushirika huo haujakamilika, na kwamba wanastahili kuitwa ndugu. Lakini sikumficha jambo la pili. Tamko la Vatikano la mwaka 2000 linasema kwamba jumuiya zisizo na uaskofu halali na ukweli kamili wa Ekaristi si Makanisa kwa maana halisi ya neno hilo. Maneno hayo yalimuuma, nami sikumlaumu. Hata hivyo tamko hilo hilo linasema kwamba waliobatizwa katika jumuiya hizo wameunganishwa na Kristo. Mama yetu hana kesi hapo. Kinachobishaniwa ni Kanisa lenyewe ni nini.

Na hapo Walutheri wana jibu zito ambalo Wakatoliki wenzangu hawalisikilizi. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, hati kuu ya imani ya Walutheri, linasema Kanisa ni kusanyiko la watakatifu ambamo Injili hufundishwa kwa usahihi na sakramenti hutolewa ipasavyo, na kwamba kukubaliana katika hayo kunatosha kwa umoja. Niliishi ndani ya jibu hilo karibu maisha yangu yote. Lililonihamisha ni neno "ipasavyo". Mwaka 1529, pale Marburg, Ujerumani, Luther na Zwingli, mwanamatengenezo wa Uswisi, walikutana, kila mmoja na Maandiko yake mkononi, wakaafikiana karibu katika kila jambo, lakini juu ya Meza ya Bwana wakaachana. Nani angeamua kati yao? Sikuona mwingine ila maaskofu waliopokezana kazi ya mitume. Dada yangu alinikumbusha kwamba wakati wa Ario, padre wa karne ya nne aliyekana kwamba Kristo ni Mungu sawa na Baba, maaskofu wengi waliyumba, na akasema Neno ndilo lililoliokoa Kanisa, si viti vyao. Hoja hiyo ina nguvu. Hata John Henry Newman, mwanateolojia Mwingereza aliyeacha Uanglikana mwaka 1845 kwa sababu ya swali hili hili na kutangazwa mtakatifu mwaka 2019, aliandika akiwa tayari padre Mkatoliki kwamba katika karne ile waumini wa kawaida waliishika imani kuliko maaskofu wengi.

Mabishano ya namna hiyo ndiyo ningependa kuyasoma katika gazeti hili, badala ya habari zinazomtangaza mtu kama mchezaji aliyesajiliwa na timu pinzani. Mwongozo wa Kanisa Katoliki wa kuwapokea waliokwisha kubatizwa unaagiza waziwazi kwamba dalili yoyote ya kujigamba iepukwe. Mwongozo huo huo unataka jina la aliyepokelewa liandikwe kitabuni pamoja na tarehe na mahali alipobatizwa. Nilimwomba paroko anionyeshe ukurasa wangu, dada yangu akiwa amesimama nyuma yangu. Dada alivaa miwani, akasoma kwa sauti mwaka 1961 na jina la usharika wetu, kisha akaomba aoneshwe tena.

Mwalimu mstaafu,
Moshi